Mwaka Ambao Rukia Alikuwa Msimamizi Mkuu

Mama yake Rukia alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Wenzetu Waislamu hawakawizi kuzika, na Rukia alikuwa Maskati, kwa hiyo mazishi hakuyawahi, aliwahi hitima. Nilikwenda nyumbani kwao Gongoni kumpa pole nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, na niseme mapema kwamba sikukivaa kwa heshima ya marehemu. Nilikivaa kwa sababu ya Rukia. Nilimkuta chumba cha ndani, kile cha wanawake, amekaa juu ya jamvi katikati ya shangazi zake, udi unafuka pembeni, masinia ya pilau yanapitishwa juu ya vichwa vya watu. Aliponiona aliinuka, akaja akanikumbatia, akalia begani pangu. "Dada Modesta, umekuja," akasema. Nikalia naye, maana mama yake nilimpenda kwa dhati, na chakula chake nilikila mwaka mzima. Lakini hata machozi yakinitoka, jicho langu moja lilikuwa kazini. Liliipima shingo yake, likaona haina mkunjo. Liliitazama mikono yake, laini vilevile kama alivyoondoka nayo. Liliona jinsi chumba kizima kilivyogeuka kumfuata alipoinuka. Hapo hapo nikasikia kifuani kitu ambacho nilidhani nimekwisha kukizika pamoja na ujana wangu. Nina nywele nyeupe sasa, nina watu wanaoniita bosi, watoto wangu wamenipita kimo. Nilidhani wivu ni maradhi ya wasichana, mtu hukua akapona. Kumbe ulikuwa umelala tu, na ulikuwa unamsubiri mwenyewe arudi.

Mwaka ninaoukumbuka tulikuwa tunafanya kazi ofisi moja, ya chama cha wafuga nyuki, vyumba viwili nyuma ya barabara ya stesheni hapa Tabora. Chumba cha nje kilikuwa chetu sisi makarani, cha ndani cha Katibu, Bwana Mihayo, mzee wa kanisa la Moravian, mtu mpole mwenye sauti nzito ambayo haikujua kunong'ona. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, usiozuia chochote isipokuwa macho. Nyumba nzima ilinuka nta. Ndoo za asali kutoka Ipole na Sikonge zilipangwa mpaka kwenye kizingiti, na siafu walikuwa wafanyakazi wenzetu. Asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kumwaga majivu kuzunguka miguu ya meza. Kompyuta ilikuwa moja, tumeifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe kwa sindano. Niliikuta ile kompyuta ikiwa kwenye boksi. Mimi ndiye niliyeitoa, mimi ndiye niliyeunganisha nyaya zake kwa kusoma kijitabu, na kwa muda mrefu hakuna mtu mwingine aliyeigusa bila kuniomba. Halafu akaja Rukia. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, amemaliza shule, amevaa baibui jeusi na viatu vyekundu. Siku ya kwanza aliniamkia, "Shikamoo dada," nikamwitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha wageni kunitazama nikichapa. Kufikia adhuhuri alikuwa anachapa bila kutazama herufi. Mimi nilikuwa bado natazama.

Mwaka huo wanunuzi wa Dar es Salaam walianza kutuuliza kama tuna tovuti. Katibu hakujua tovuti ni kitu gani, lakini alijua kuwa vyama vingine vinayo, na hilo lilimtosha. Akaitwa fundi kutoka Mwanza, kijana aitwaye Gerald, mrefu, mwenye kicheko cha haraka. Kabla hajafika nilishona nguo mpya. Gerald alikaa nasi juma zima akiweka ile programu ya kuendeshea tovuti, na sisi wawili tukakaa kushoto na kulia kwake kujifunza. Alitueleza kwamba katika programu ile watu wote si sawa. Yuko msimamizi mkuu, admini, ambaye anaweza kila kitu: kuandika, kufuta, kuingiza watu na kuwatoa, kubadilisha hata sura ya tovuti. Chini yake yuko mhariri. Chini ya mhariri yuko mchangiaji, ambaye anaandika habari zake lakini hawezi kuzitoa mpaka mkubwa wake azipitishe. Wa mwisho kabisa ni msomaji. "Na hapa," akasema akionyesha mstari mmoja mdogo kwenye ukurasa wa mipangilio, "ndipo unapoiambia programu kila mtu mpya anayejisajili aanzie ngazi gani, kama wewe hujamchagulia. Mtu akija usipomwona, yenyewe itampa hii. Hili ndilo chaguo-msingi. Liacheni kwenye msomaji, na msiliguse." Niliitikia kwa kichwa. Rukia aliitikia kwa kichwa. Kisha Gerald akageukia chumba cha ndani na kuuliza kwa sauti, "Mzee, nani awe msimamizi mkuu?"

Nilikwisha kujinyoosha kitini. Nilikuwa nimekwisha kuchagua hata nywila yangu kichwani. Katibu akajibu kutoka ndani bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa atakunywa chai au maji: "Muweke Rukia." Gerald akaandika jina la Rukia. Halafu akauliza, "Na dada Modesta?" Katibu akasema, "Huyo mpe kinachofuata." Sijui kwa nini Gerald hakunipa uhariri. Labda alisahau, labda alikuwa anamsikiliza Rukia akimtania kuhusu Kiswahili chake cha Kisukuma. Alinipa uchangiaji. Jioni ile, wakati nazifunga ndoo, nilimsikia Katibu akimweleza mgeni wake ng'ambo ya ukuta wa mbao: "Modesta ni mchapakazi, huyo sina neno naye. Lakini binti wa Kiarabu ana uso. Mnunuzi akiingia akimwona yule, anakaa." Nilirudi chumbani kwangu Isevya kwa miguu, ingawa nilikuwa na baiskeli. Nilisahau kuipanda.

Wanaosema wivu unachoma hawajakaa nao. Wangu haukuchoma. Ulikuwa kama kijiwe kwenye kiatu, kidogo, kila hatua. Kila habari niliyoandika ilikaa pale kwenye skrini na neno pembeni yake: inasubiri. Niliandika kuhusu mizinga ya kisasa, inasubiri. Niliandika kuhusu kina mama wanaochuja asali, inasubiri. Inamsubiri nani? Inamsubiri Rukia, aliyeketi hatua mbili kutoka kwangu anatafuna karanga. Nilikuwa nanyamaza makusudi nisimwambie kwamba nimeandika, nione itachukua muda gani. Naye akiiona alifurahi. Ndicho kilichonikera kuliko vyote, kwamba alifurahi. "Dada, hii tamu! Naitoa sasa hivi." Mara moja niliandika makala ndefu kuhusu njia ya zamani ya misafara, jinsi mababu wa watu wa Tura walivyopokea wapagazi waliokuja wamekauka midomo, na jinsi nta ilivyobebwa vichwani kutoka nchi hii mpaka pwani. Nilikuwa nimemhoji mama mmoja wa Tura, nikakesha nikiiwaza wiki nzima. Rukia aliisoma mkono ukiwa shavuni. Alipomaliza akasema, "Hapa umeandika wapagazi walitua mizigo 'kwa uchovu'. Ungesema tu walitua. Uchovu tumekwisha kuuona." Nikamtazama. Alikuwa amepatia. Nikalifuta lile neno kwa hasira, na hadi leo ninapoandika taarifa, nikikuta neno la namna ile, naliona limeandikwa kwa sauti yake.

Mchana tulikula pamoja. Mimi nilibeba michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, niliyoletewa kutoka kwetu Ntalikwa, nikiichemsha na karanga za kutwanga kwenye jiko la mafuta nyuma ya ofisi. Rukia aliletewa chakula kutoka nyumbani kwenye vyombo vinavyopandana: mkate wa kumimina, sambusa, siku za Ijumaa biriani. Mama yake kila mara alipakua ya watu wawili. "Mama kasema hii ya dada Modesta," alisema Rukia, na kunisogezea. Nilikula. Biriani ile nilikuwa nikiila kwa uchungu, nikitafuta kasoro, na sikuipata. Yeye alikuwa akiimaliza michembe yangu mpaka anakwangua sufuria, akasema kwao hawajui kupika kitu cha hivi. Nilidhani ananidhihaki. Mtu mwenye wivu kila kitamu anachoambiwa hukionja kwanza kama kina sumu.

Mambo yakaharibika kwenye mkutano wa viongozi wa matawi. Walikuja mwanzoni mwa mvua, na wawili kati yao ndio wa kuwakumbuka. Mmoja ni Mzee Kapama wa Ipole, mfuga nyuki mkubwa, mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata ndani. Mwingine ni Mama Nyamizi wa Tura, yule niliyemhoji, mwanamke mnene mwenye macho makali, aliyeingia akitusalimu kila mtu "Mwangaluka" kana kwamba ofisi ni yake. Mzee Kapama alikuwa amekwisha kupita kwa Katibu kimyakimya siku za nyuma, akaomba naye awekwe kwenye tovuti, na Katibu akamwagiza Rukia ampe usimamizi, kwa heshima ya umri. Kapama hakuwa na kompyuta. Alikuwa na cheo tu, na alikitaja kabla chai haijamiminwa.

Mama Nyamizi akaweka kikombe chini. "Kapama ni msimamizi. Mimi ni nani?"

Rukia akatazama skrini. "Wewe tulikuandika mchangiaji, mama."

"Mchangiaji! Nachangia nini, harusi?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Tura tulikuwa tunalaza misafara, Ipole bado ni pori la tembo. Leo Kapama ananisimamia mimi?"

"Hao tembo walituachia asali, mama," Kapama akasema taratibu, akiirekebisha kofia yake.

Wengine nao wakaanza. Wa kila tawi alitaka kujua yeye ni nani kwenye ile tovuti na jirani yake ni nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nawatazama watu wazima wakigombea kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukifungua, na nikawaelewa wote. Katibu akainua mikono. "Jamani, sitaki ugomvi kwenye chama. Rukia, binti yangu, hakuna namna ya kila kiongozi akijisajili tu anakuwa msimamizi, bila kubagua?"

"Namna ipo, mzee," Rukia akasema polepole. "Ni pale pa kuchagua mtu mpya aanzie ngazi gani. Ukiweka msimamizi, kila atakayejisajili atakuwa msimamizi."

"Basi weka."

Nikaweka birika chini. "Katibu, kujisajili kuko wazi kwa mtu yeyote. Si kwa viongozi wetu tu. Mtu tusiyemjua kabisa, aliyeko huko ulimwenguni, akijisajili naye anakuwa mwenye nyumba. Anaweza kututoa sisi wote nje."

"Nani huko ulimwenguni anaijua asali ya Ipole?" Katibu akauliza. Wakacheka tena. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya juu, na nilijisikia mwenyewe jinsi sauti ile ilivyotoka: nyembamba, inatetemeka, sauti ya mtu anayenyang'anywa. Maneno yalikuwa ya Gerald, ya kweli tupu, lakini yalikuwa yamepita kwenye koo langu. Kila mtu mle ndani alijua kilichokuwa kimejaa kwenye koo langu mwaka ule. Katibu alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenifokea. "Modesta, mwanangu," akasema mbele ya watu wote, "wivu utakumaliza. Acha wenzako nao wapate."

Rukia alikuwa ameshika kipanya cha kompyuta. "Mzee, labda dada Modesta..."

"Bonyeza, binti."

Akabonyeza. Siku ile ile viongozi walijisajili mmoja mmoja, Rukia akiwaandikia majina, nao wakitazama neno msimamizi likitokea mbele ya jina lao na kupigana mabega kwa furaha. Walipoondoka Rukia aliniita. "Dada, na wewe jisajili upya. Utakuwa sawa na mimi." Nikajisajili. Ndiyo, nilijisajili, niliona hatari yote, na bado nilikitaka. Neno lilipotokea mbele ya jina langu nililitazama kwa muda. Halikuwa na ladha. Kitu nilichokililia miezi mingi kilikuwa sasa ni cha Kapama na kofia yake, cha kila mtu. Nilitaka kuwa nacho huku Rukia hana. Kukipata pamoja naye hakukunisaidia chochote.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja ya mvua simu ya ofisi ililia, mnunuzi wetu wa Dar es Salaam, na sauti ya Katibu ikasikika kupitia mbao: "Kamari? Kamari ya wapi?" Akatoka chumbani mwake bila miwani. Tukafungua tovuti. Pale palipokuwa na picha ya kina mama wa Ipole wamebeba ndoo, palikuwa na gurudumu linazunguka, sarafu zinamwagika, na maandishi mekundu ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Rukia akaandika jina lake na nywila yake; programu ikamkataa. Nikaandika langu, likakataliwa. Mtu fulani, popote alipokuwa, alikuwa amejisajili kama walivyojisajili viongozi wetu, akapewa funguo kama walivyopewa wao, akatutoa sote nje na kufunga mlango. Mnunuzi alikuwa amemwonyesha mwenzake wa nje ya nchi ile tovuti siku hiyo hiyo. Akasema hawezi kuagiza asali kwa watu wa kamari. Katibu Mihayo, mzee wa kanisa, alikaa kwenye ndoo ya asali akafunika uso.

Mkutano ulifanyika ghalani, watu wamekaa juu ya ndoo na magunia. Nilijua linalokuja tangu nilipoona hakuna anayenitazama. Mzee Kapama ndiye aliyeanza. "Huyu binti alituambia litatokea. Limetokea vilevile alivyosema. Alijuaje?"

"Gerald alitufundisha," nikasema.

"Mbona Rukia hakujua? Walifundishwa siku moja."

Nilimtazama Katibu, alikuwa anatazama sakafu. Nikaona jinsi hadithi yangu ilivyokuwa imekaa vizuri kwenye vichwa vyao: mwenye wivu, aliyenyimwa, aliyetishia, halafu moto ukawaka. Hata mimi, ningekuwa mmoja wao nimekaa juu ya gunia, ningeamini. Nikawaza chumba changu Isevya, nikawaza kurudi Ntalikwa na kuulizwa kila nitakapokwenda kuchota maji kwa nini nimefukuzwa.

Rukia akainuka. Alikuwa amekaa mwishoni, karibu na mlango, na alipoinuka baibui lake lilikuwa limeshika vumbi la nta. "Nilijua," akasema. Watu hawakumsikia vizuri. Akarudia. "Nilijua, wazee wangu. Dada Modesta alisema kweli, na mimi nilikuwa najua kama ni kweli. Niliogopa kumkatalia Katibu mbele ya wageni. Yeye hakuogopa. Mkono uliobonyeza ni huu." Akaunyoosha ule mkono wake laini, wote wakautazama. "Kama kuna mtu wa kuondoka, ni mimi."

Hakuna aliyeondoka. Katibu alisimama, akasema agizo lilikuwa lake, na yakaishia hapo. Hakuniomba radhi kwa maneno, lakini kesho yake nilikuta mezani kwangu karanga za kukaanga zimefungwa kwenye karatasi, na akaendelea kuziweka mpaka msimu ulipokwisha. Nilipaswa kumshukuru Rukia. Nilimshukuru kwa mdomo. Ndani yangu palikuwa na jambo jingine. Siku yangu moja ya kuwa sahihi, siku ambayo mimi nilisema na wengine wakakosea, ilikuwa imegeuka siku yake. Watu walitoka ghalani wakimzungumzia yeye, uso wake, jinsi alivyosimama. Mama Nyamizi alimshika kidevu akamwita mwanamke wa shoka. Nikabaki nakunja magunia, nikimwonea wivu hata kwa kosa lake.

Gerald, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa kule tovuti inakokaa, alitusaidia kwa simu kutoka Mwanza. Alikuwa na nakala aliyoiweka akiba siku alipoondoka, akairudisha, na kamari ikafutika. Kisha akatuelekeza neno kwa neno, mimi nimeshika simu sikioni, Rukia ameshika kipanya. Nendeni mipangilio. Tafuteni ule mstari. Hakikisheni umerudi kwenye msomaji. Fungeni kujisajili. Ilibidi pia kuwaambia viongozi kwamba hawatakuwa wasimamizi tena. Rukia alimpigia Kapama, mimi nikampigia Mama Nyamizi. "Kapama naye ametolewa?" akauliza. Nikamwambia ametolewa. "Basi sawa," akasema, akakata.

Ile nakala ilikuwa ya zamani, kwa hiyo tulichoandika mwaka mzima kilikuwa kimepotea. Makala yangu ya Tura haikuwapo. Sikuwa na nakala yake, niliiandika moja kwa moja pale pale. Nilikaa mbele ya skrini nikijaribu kuikumbuka, ikawa inakuja vipande vilivyokauka. Rukia akavuta kiti. "Si ulianza na mwanamke anayetwanga, halafu anasikia kengele mbali?" Akaendelea. Akanisomea kwa kichwa aya nzima, sentensi baada ya sentensi, na pale nilipokuwa nimeweka kituo naye alinyamaza kidogo. Nikachapa, yeye akasema. Sikuthubutu kumtazama. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na yeye ndiye aliyekuwa nayo.

Tulipomaliza, Gerald alipiga tena. "Msimamizi mkuu awe mmoja. Safari hii nani?" Katibu alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama huku, akatazama kule. Rukia akajibu, "Dada Modesta," akainuka kutoka kwenye kiti cha mbele ya kompyuta na kunipisha. Alinipisha kwa wepesi, kama unavyompisha mgeni aliyechelewa. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na sikukishinda. Nilipewa, na aliyenipa ndiye niliyetaka kumnyang'anya. Miezi michache baadaye aliniambia, tukiwa tunakula, kwamba anakwenda Maskati kuolewa na mtoto wa shangazi yake. Nikamwonea wivu kwa safari, kwa mume, kwa ndege. Gerald alioa hukohuko Mwanza, hakuna aliyemkumbuka. Mimi nilibaki, nikasomea kazi ile kwa cheti na kisha kwa shahada, na leo wako vijana wengi ambao nawaamulia nani aguse nini kwenye mifumo ya taasisi yetu. Watu husema niko mkali sana kwenye jambo hilo.

Siku chache baada ya hitima nilirudi Gongoni. Wageni walikuwa wamepungua, tukakaa uani wawili tu, tunachambua mchele kwenye ungo mmoja, tukicheka habari za siafu na majivu. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka michembe yangu, akasema kule hutuma watu wamletee kutoka Tabora na hawapatii. Nikaona huu ndio wakati. Nilikuwa nimelibeba swali hili miaka yote, na jibu lake nilikwisha kulitunga: kwamba naye alikuwa akilala akiniwaza, kwamba alitamani angekuwa na kitu fulani cha kwangu, ukali wangu, makala yangu, kitu chochote. Watu husema hivyo wakizeeka, na tunasameheana.

"Rukia," nikasema, "mwaka ule, hukuwahi kunionea wivu hata kidogo?"

Aliacha kuchambua, akatazama juu kidogo, akitafuta kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepekua sanduku kuukuu kwa sababu umemwomba.

"Hapana, dada," akasema. "Sikuwahi. Nilikuwa nakupenda tu." Kisha akanitazama vizuri usoni, akashtuka. "Ulitaka nikuonee?"

"Ndiyo."

"Jamani, dada Modesta. Nisamehe."

Na alimaanisha. Alinishika mkono kwa ule mkono wake, wenye vumbi la mchele, akausikitikia moyo wangu bila hata chembe ya kejeli. Nikamwambia haina neno, nikainamia ungo. Lakini palepale, nikiwa na umri huu na mvi hizi, nikamwonea wivu kwa hilo nalo.